Unga wa Kiume

Maharagwe niliyapanda kwa kiburi, na hilo nalikubali mapema ili tusipotezeane wakati. Mama mkwe alikuwa ameshaniambia. Nilirudi kwake, karibu na Siakago huku Mbeere, na mfuko wa mbegu kutoka kwetu Meru, kule juu ambako mtu huvaa sweta hata saa nane mchana. Aliufungua, akachota mbegu kiganjani, akazirudisha.

"Hii ni maharagwe ya baridi," alisema. "Huku panda ndengu. Panda kunde. Hii itakuaibisha."

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Sikuona ni kwa nini nifundishwe kupanda na mtu aliyeacha shule darasa la tatu. Nikapanda mistari sita nyuma ya nyumba, nikawa nayamwagilia kila jioni maji ya kufulia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mwanzoni guu langu lilikuwa zima kabisa. Maharagwe yaliota, yakanenepa, yakachanua maua meupe mpaka majirani wakawa wanapitia hapo kusudi. Nikapiga picha, nikamtumia mama yangu. Kisha jua la Mbeere likaamka vizuri, na maua yakaanza kuanguka. Hayakunyauka, hayakuliwa na mdudu. Yalianguka tu yakiwa mazima, kila asubuhi, chini peupe kama mtu amemwaga mchele.

Mama mkwe alikuwa akipita hapo akienda kufungulia mbuzi. Alisimama kila siku. Alitazama kila siku.

"Maua ni mingi," alisema. "Lakini hakuna kitu inashika."

Sasa lazima nieleze kwa nini maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa nimeolewa pale mwaka wa tatu na sikuwa nimeshika mimba. Kimeru changu na Kimbeere chake ni ndugu, lakini ndugu wanaosikizana nusu tu, kwa hiyo mambo mazito tuliyaongea kwa Kiswahili, ambacho si cha mama yake wala cha mama yangu. Na kwa Kiswahili, ua hushika na mwanamke hushika. Nilikuwa nimekwenda hospitali Embu peke yangu, nikapimwa kila kitu, nikaambiwa mimi sina shida, nirudi na mume wangu. Mume wangu alikuwa amekataa. "Kwetu hakuna mwanaume amewahi kukosa mtoto," alinijibu, na hiyo kwake ilikuwa ripoti ya daktari. Bila yeye kwenda, nilijua ningebaki hivyo hivyo, na lawama zingebaki kwangu mpaka nizeeke.

Alhamisi moja mama mkwe akasimama tena. "Mwaka wote maua," alisema. "Sasa mtu atapika maua?"

Nikaweka ndoo chini. "Mama, kama unaongea juu yangu, niambie tu."

"Naongea juu ya maharagwe," alisema. Akafikiri kidogo. Yeye ni mtu mkweli. "Na wewe pia, kidogo."

Hasira zikinipanda, mimi hufundisha. Wengine huvunja vyombo. Nikachuma kitumba kimoja, ua ambalo bado halijafunguka, nikakipasua kwa ukucha. Nikamwonyesha sehemu ya kike katikati, na vijiti vya kiume vilivyoizunguka. Nikamwambia kwamba vijiti hivyo hubeba chavua. Neno hilo hakulijua, na kusema kweli hata wanafunzi wangu hulijua siku ya mtihani tu. Nikatafuta jingine.

"Ni unga, mama. Unga wa kiume. Unga huu ukiangukia hapa katikati, ua linashika. Lakini unga unatengenezwa ndani ya kitumba, siku nyingi kabla ya ua kufunguka. Joto likizidi siku hizo, unga unaharibika. Unatoka mtupu."

Aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Na hii ya kike?"

"Hii huvumilia joto zaidi. Mara nyingi iko sawa, inangoja tu."

"Kwa hivyo ni ya kiume ndio inaungua. Ndani. Na hakuna mtu anajua."

"Hakuna anayejua. Kwa nje ua linapendeza tu."

Alinyooka, akageuka upande wa sokoni, ambako mtoto wake, mume wangu, alikuwa na mashine ya kusaga: injini ya dizeli ndani ya kibanda cha mabati, na yeye kando yake kutoka asubuhi mpaka jioni, akitiririka jasho. Naye mume wangu, niseme ukweli, anapendeza.

"Hata kama inapendeza," alisema mama mkwe, na akaenda zake kwa mbuzi.

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya mashine, debe la mahindi kichwani, mama mkwe alipotokea bila mzigo wowote. Akapita wanawake wote mpaka mlangoni.

"Toka kwa hiyo injini," alimwambia mtoto wake.

"Mama, watu wanangoja."

"Unga yako inaungua."

Mume wangu, nyusi zake nyeupe kwa unga, akatia mkono ndani ya gunia lililokuwa likijaa, akausugua unga kati ya vidole, akanusa. "Haiungui, mama. Iko na moto kidogo tu, ikipoa itakuwa sawa."

"Si hiyo unga."

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alisema kama unga umeungua yeye anataka kusagiwa upya, bure. Mama mkwe alimwambia anyamaze, hii ni unga ya mambo ya nyumbani. Foleni nzima ikaelewa kabla ya mume wangu kuelewa. Nilishusha debe, nikajificha nyuma yake, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alipoelewa alizima injini.

"Umemwambia mama nini?" aliniuliza nyumbani.

"Nimemfundisha juu ya maharagwe."



Kesho yake, Jumapili, wanawake wa kanisa walikuja kuniombea, kama walivyokuja kila baada ya miezi michache. Walikunywa chai, wakanizunguka, mikono ikaanza kuelekea tumboni mwangu. Nilikuwa nimeizoea ile mikono na nilikuwa nimeichoka.

"Ngojeni," alisema mama mkwe. "Huyu mmemwombea ya kutosha. Shida si ua. Ni jua." Akamwita mtoto wake kutoka ndani. "Ni huyu wangu ameunguzwa na mashine. Mwekeeni yeye mikono."

Hakuna aliyejua pa kuiweka. Wawili wakashika kichwa, mmoja bega. Mkono wa mwenyekiti wao ulianza safari ya kushuka, ukabadilisha nia, ukaishia kwenye kiwiko. Mume wangu alisimama katikati yao kama mbuzi anayeogeshwa.

Mimi nilijua kwamba mtu si haragwe, na kwamba hakuna aliyekuwa amempima. Mwalimu angesimama arekebishe. Nilisema Amina kwa sauti kuliko wote.

Lakini nilipofungua macho nilimwona mama mkwe ameyafumba yake, kitambaa cha kichwa kimelegea. Kule kwao mama hatamki mbele ya wanawake wa kanisa kwamba kasoro iko kwa mtoto wake wa kiume. Alikuwa ameitoa aibu kwangu akaipeleka kwake, wala hakuniomba chochote. Nililia. Wale wanawake walidhani ni Roho.

Jumatatu mume wangu hakufungua mashine. Alivaa shati la kanisani, akasema kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikataa, kwamba twende Embu basi tumalize hii maneno. Tulikaa kwenye benchi ya hospitali. Mlango ukafunguka, muuguzi akanitazama mimi, macho yakampita yeye.

"Mama, ingia."

Mume wangu akasimama. "Ni mimi," alisema.