Mkia wa Habari ya Kongo

Mama Yotamu hukaanga maandazi sokoni Mwanjelwa. Karatasi za kufungia huletewa na Jailos, muuza magazeti: yale ya jana yaliyobaki. Ila Mama Yotamu hakati gazeti kabla hajalisoma, na husoma kuanzia chini. Nimekaanga naye miaka miwili nikidhani ni mazoea tu. Siku moja nikamuuliza.

"Juu wanakwambia watu wamepigana," akasema. "Walianza lini, wanagombea nini, wanaweka chini kabisa kama makombo. Mimi nataka hayo makombo."

Jumanne moja wateja walijaa, akakata bila kusoma. Zilipobaki karatasi chache ndipo akauona ukurasa wa kwanza: MAPIGANO YAWAKA KONGO. Akaketi juu ya ndoo. Mwanawe Yotamu ni dereva wa lori, alikuwa amepeleka unga Lubumbashi, huko huko Kongo, na tangu Jumapili simu yake haipatikani. Habari yenyewe ilikatikia njiani: inaendelea ukurasa wa nne.

"Wa nne uko wapi?"

"Tumeuza, mama."

Akatoka na mikono yake ya unga, mimi nyuma. Kwa muuza nyanya tukakuta michezo. Kwa bodaboda, matangazo ya vifo. Watu wakacheka: "Mama Yotamu, maandazi tumeshameza, hayarudi!"

Tuliukuta kwa Ezekia, fundi cherehani, anafutia mashine.

"Wee Ezekia, mwanangu yuko kwenye hiyo karatasi!"

"Humu? Mbona mimi nilikuta maandazi tu?" Lakini akaikunjua taratibu, akainyoosha kwa pasi yake ya mkaa.

Mafuta yalifanya herufi za nyuma zitokeze mbele. Mama Yotamu akasoma polepole, kidole chini ya mstari. Mapigano yalikuwa Goma, mashariki. Huko vita huzima na kuwaka, yapata miaka thelathini sasa. Wakatajwa waasi, madini, ardhi, wakimbizi. Pembeni palikuwa na kiramani. Akaweka kidole Goma, kingine akakishusha mpaka Lubumbashi, kusini kabisa. Vidole havikukaribiana.

"Kumbe Kongo ni kubwa hivi," akasema Ezekia.

"Na juu wameandika Kongo tu!"

Ukurasa wa kwanza alimfungia Ezekia maandazi mawili ya shukrani. Wa nne akauweka chini ya kifuniko cha ndoo ya unga, na kila akifunua anautazama.

Alhamisi simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

Badala ya marahaba, mama akauliza: "Hapo ulipo na Goma, Yotamu, ni kilometa ngapi?"