Taa Ndogo ya Pikapu ya Baba Yako

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa nimechoka kuikumbuka. Keti hapo. Huo ni uji wa ulezi, unywe ukiwa wa moto, na hiyo simu iweke chini kidogo. Jana uliponirudisha kutoka kanisani niliona kitu kwenye pikapu yako, na tangu hapo moyo wangu hauko sawa.

Unajua baba yako Oswadi alikuwa na pikapu kabla hujazaliwa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye nguvu akaingia: huyu mahindi, yule mitumba, sisi samaki. Pikapu yenyewe ilikuwa mtumba kutoka Japani, ya petroli, imeshachoka kabla haijatufikia. Tulishuka nayo Wampembe, kule ziwani Tanganyika, kununua dagaa na migebuka, tukapanda nayo hadi sokoni Sumbawanga. Mimi nilikuwa mke mpya, na nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Hukujua? Basi leo umejua.

Babu yako, baba mkwe wangu, alisafiri nasi kulinda mzigo. Kwa kina baba yako, mkwe hakai kiti kimoja na mke wa mwanawe, wala hawashikani mikono. Kwa hiyo mimi nilikaa mbele na Oswadi, mzee akakaa nyuma juu ya magunia ya dagaa, amejifunika blanketi, upepo wa Ufipa unamchapa. Nilimwonea huruma kila safari. Kumbe wa kuonewa huruma nilikuwa mimi.

Ikafika wakati gari likaanza kunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, linatoa moshi mweusi nyuma. Kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya njano yenye picha ya injini. Fundi wa mjini akasema sensa ya oksijeni imekufa. Mimi si fundi, lakini nimelikalia gari lile vya kutosha: hicho ni kidude kinachofungwa kwenye bomba la moshi, kazi yake kunusa moshi na kuiambia injini ipunguze petroli au iongeze. Wakakibadili. Taa ikazimika, baada ya siku chache ikarudi. Wakabadili tena, ikarudi tena. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, ila kusumbuliwa hakutaka. Akamwambia fundi, "Basi ing'oe hiyo balbu, imenichosha macho." Ikang'olewa. Akarudi nyumbani anacheka: "Skola, gari limepona!"

Limepona wapi, mwanangu! Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Tukawa tunafunga vioo tangu tunapoanza kupanda kutoka ziwani, na Oswadi akasokomeza matambara kila penye upenyo wa mlango. Ndani kukawa na joto zuri kweli. Na mimi nikaanza kuumwa kichwa. Nikifika juu, natapika. Sokoni wenzangu wakasema gari limelogwa. Na wewe unaujua mji wetu, mtu akipata mafua tu anatafutwa mchawi. Nikamwambia Oswadi. Akasema, "Ni mimba hiyo, utazoea." Safari iliyofuata nikamwambia tena. Akanigeukia, "Na wewe sasa umekuwa kama ile taa?"

Sikumwambia tena.

Siku ninayokuambia tulipanda asubuhi, vioo vimefungwa. Kichwa kilianza kugonga mapema, kisha macho yakawa mazito. Nikaona mikono ya Oswadi inalegea kwenye usukani. Nilitaka kumwita, ulimi ukakataa. Mengine nilisimuliwa: gari liliacha njia taratibu, likaegemea tuta la udongo, injini bado inanguruma. Mzee akagonga bodi, kimya. Akaruka chini, akafungua mlango.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye nyasi, upepo unanipiga usoni, kichwa changu kiko mapajani mwa baba mkwe. Yeye ambaye hajawahi hata kunipa mkono. Alikuwa analia, anamwomba Mungu kwa Kifipa. Oswadi yuko pembeni, amepiga magoti, anatapika.

"Mimi niliyekaa kwenye baridi ni mzima," mzee akamwambia mwanawe. "Nyinyi mliokaa kwenye joto ndio mnakufa. Ubaya umo humo ndani. Uliwahi kuambiwa?"

Oswadi akamweleza yote, ya taa na ya kichwa changu. Nilimwona anavyozidi kuwa mdogo kila akiongeza neno.

Mzee hakujua magari. Lakini alikuwa mtoto wa wafua chuma. Utotoni aliyaona matanuri marefu ya udongo ya baba zake, na alijua tanuri lenye ufa huvuta hewa pasipotakiwa. Injini ilipopoa akaloanisha kipande cha gunia, akamwambia Oswadi awashe, kisha akaziba mdomo wa bomba kule nyuma kwa kitambo kidogo tu. Mbele, bomba linapoungana na injini, tukasikia ssss, kama nyoka. Bolti moja imekatika, gasketi imeungua, masizi yametapakaa. Moshi ulikuwa unavuja pale na kuingia ndani kupitia mpira uliochanika chini ya gia. Na ufa wenyewe ulikuwa kati ya injini na sensa. Hewa ya nje ikipenya, sensa inanusa hewa nyingi, inaiambia injini petroli haitoshi, injini inaongeza. Sensa haikudanganya hata siku moja. Ilisema ilichonusa.

"Mjumbe hauawi, Oswadi," mzee akasema. "Wewe ulitumiwa wajumbe wawili. Mmoja ukamng'oa, mwingine ukamfunga mdomo."

Hakupaza sauti. Heri angempiga.

Tuliingia Sumbawanga vioo wazi. Mimi nilipanda nyuma, juu ya magunia, na mzee akanipa nusu ya blanketi lake. Desturi aliiacha kule mlimani. Gasketi ikabadilishwa, bolti ikafungwa, mpira ukazibwa. Balbu nayo ikarudishwa. Ikawaka kidogo, ikazimika yenyewe.

Lakini mimba yangu haikufika, mwanangu. Ilitoka wiki ile ile. Daktari alisema huenda ni ule moshi, huenda si wenyewe. Mimi siwezi kuapa. Baba yako hakuhitaji mtu wa kumwapia, alijihukumu mwenyewe. Tangu hapo, kila asubuhi aligeuza ufunguo nusu, akasubiri ile taa iwake, akaiangalia, ndipo akawasha gari. Ulipokuwa mdogo ulidhani anasali. Labda alikuwa anasali kweli.

Sasa nasikia wewe nawe gari lako linakunywa petroli. Na jana niliona kipande cha plasta nyeusi kwenye dashibodi yako, kimebandikwa juu ya taa kama ile ile. Nikakuuliza, ukanijibu, "Poa tu mama, si linatembea?" Hata lile letu lilikuwa linatembea.

Sina nguvu za kugomba tena, kwa hiyo nisikilize mara moja. Taa ikiwaka usiulize itazimwaje, uliza inasema nini. Usikimbilie kununua sensa; tafuta kwanza ufa kwenye bomba, asubuhi ukiwasha injini ikiwa bado ya baridi, utausikia na masizi utayaona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna ukuta usiojengeka. Na mtu wa nyumbani mwako akikuambia jambo mara ya pili, ujue mara ya kwanza hukumsikia. Mkeo akisema kichwa kinamuuma, fungua vioo kwanza, ubishi utafuata baadaye.

Jumamosi mnashuka naye Milepa, kule bondeni, na kurudi mtapanda kwenye baridi, naye atakaa mbele. Usinitazame hivyo. Hajaniambia mtu, mwanamke aliyezaa haambiwi.

Haya, maliza uji, ukaibandue ile plasta, mimi nitasimama mlangoni nione. Mungu akupe masikio, mwanangu. Akupe na moyo wa kuuliza. Na huyo aliye tumboni mwa mkeo amlinde njia nzima, afike.

Afike, mwanangu. Wangu hakufika.