Umri wa Mbwa Wangu

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini hapa Kamachumu sijaona msomi wa kunizidi kuamua mambo. Nina malori mawili na nyumba ya vyumba saba. Kahawa naitia jino tu, najua kama imekauka. Sasa mbwa alinishindaje?

Ni mbwa anayelinda kahawa niliyoanika uani. Alianza kuacha chakula, tumbo likamjaa upande mmoja. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, Bukoba mjini. Akampiga picha, akasema ana uvimbe kwenye bandama. Asipopasuliwa, siku yoyote uvimbe utapasuka wenyewe.

"Ana miaka mingapi, mzee?"

"Minane," nikajibu palepale.

"Mbona meno yake yanasema zaidi?"

"Meno ya mbwa wangu yamefanya kazi, daktari."

Akacheka. Akasema wa miaka minane ataihimili dawa ya usingizi. Angekuwa na kumi na tatu, huenda asingeamka. Nimlete kesho.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akimenya ndizi. Nikamweleza.

"Minane? Waitu, mwenzangu, hiyo umeitoa wapi?"

"Alikuja tukichimba msingi. Miezi sita tukahamia. Tuna miaka minane humu."

Kisu kikasimama. "Miezi sita ni ya kuwasimulia wageni. Msingi ulikaa miaka mitano. Si nilipanda maharage humo ndani? Huyu mbwa ndiye aliyefukuza kuku wa jirani."

Nikambishia. Ile miezi sita nimeisimulia mara nyingi mpaka naikumbuka, hata jua la siku ya kupaua. Akaniuliza mtoto wetu wa mwisho alijifunza kusimama kwa kushika mgongo wa nani. Mtoto huyo sasa yuko kidato cha kwanza.

Nikampigia daktari.

"Ile minane, ongeza mitano."

"Basi siwezi kukusukuma, mzee. Kupasua ni hatari, kuacha ni hatari. Amua wewe."

Nikamgeukia mke wangu. "Wewe unaonaje?"

"Leo unaniuliza mimi!" Akacheka, halafu akajifuta macho kwa kanga. Sikujua anacheka au analia. Akarudi kwenye ndizi zake.

Asubuhi nikafungua mlango wa gari. Mbwa akautazama, akaenda kulala kando ya mikeka ya kahawa, mahali pake. Nikaufunga. Nikaufungua tena. Mwishowe nikampigia daktari kumwambia kwamba simleti, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshaanza kujilaumu.

Hii ni wiki ya tatu. Anakula ndizi za kuponda pamoja na samaki. Kila asubuhi nalishika tumbo lake kama ninavyopima gunia, kwa mikono ambayo haijawahi kunidanganya. Jana niliona limepungua. Leo naona limeongezeka. Nikamwita mke wangu naye alishike.