Nyumba Hii Yako

Kwetu Tanga, mgeni anageuka mtu wa nyumbani siku anaposukumiwa mbuzi akune nazi. Hakuna anayetangaza. Anaambiwa tu, hebu tusaidie, anakaa, anakuna, na kuanzia hapo akikosea anafokewa kama wenzake. Mimi nilikaa Maskati miaka kumi na sita nikiingojea mbuzi hiyo.

Nilikwenda mwanzoni mwa miaka ya tisini kufundisha hesabu katika skuli ya kulipia. Nikapanga chumba cha juu huko Sidab, na dirisha la jiko langu lilitazamana na la bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa akiishi na binti yake, mfanyakazi wa wizarani, na wajukuu. Siku ya kwanza alinisikia nikiligombeza bomba la maji kwa Kiswahili. Akachukua kijiko akagonga nondo za dirisha lake, akaniuliza mimi mtoto wa wapi. Tangu siku ile kijiko ndicho kilichoniita. Kikigongwa jioni nilishuka, nikausukuma mlango wao wa nyuma, nikaingia.

Alikuwa na mdomo, bibi yule. Alisema nimekonda kama ufagio, alisema chai yangu ni maji ya kunawia miguu, alisema watu wa Tanga kula samaki wanajua ila kumkaanga hawajui. Nilimpenda kwa hayo. Wengine wote mle ndani walinipenda kwa adabu, na adabu yao ilinichosha kuliko matusi. Nikikaa tu, sinia ya matunda iko mbele yangu, kahawa, halua, na binti yake ananiambia, "Nyumba hii yako, mwalimu." Nikiinuka nikaoshe kikombe changu, ananipokonya huku anatabasamu. Mtumishi wao, mwanamke wa Sri Lanka, alifokewa asubuhi na jioni, na mimi mpumbavu nikamwonea wivu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maskati hawakupi jembe. Wanakupa ndizi iliyokwisha kumenywa na mto wa kuegemea, kisha kila kibali cha kukaa kikimalizika unakwenda kupanga foleni uombe kingine, na afisa anakuuliza kwa upole kabisa unatarajia kurudi kwenu lini.

Mbuzi niliipata mara moja tu. Mtumishi alikuwa kwao likizo, na bibi alitaka wali wa nazi, tena si nazi ya kopo, ambayo aliiita dawa ya meno. Akanisukumia mbuzi kwa mguu, akaniambia nikune na nisimtilie vifuu. Nilikaa chini nikakuna, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa na furaha ya bibi harusi. Ndipo binti yake akarudi kutoka kazini. Alinikuta miguu nimeitanua juu ya mbuzi, chembe za nazi hadi kwenye nywele, uso ukambadilika. Akamgombeza mama yake kwa Kiarabu, na Kiarabu changu kilitosha kuelewa: vipi unamtumikisha mgeni, watu watasema nini? Mimi akaniomba radhi, akanipa kichupa cha manukato, akaibeba mbuzi mwenyewe akaenda kuificha.

Bibi alingoja bintiye apande juu. Alijua kwamba mama yangu mzazi nilimwosha mimi, pamoja na shangazi zangu, siku alipokufa.

"Nkifa, nioshe weye," akaniambia. "Hawa wataniitia mtu wa kunigeuza kimyakimya kama gunia. Miye nnataka wa kunambia, bibi, geuka taratibu. Kwa lugha yangu. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia.

Nilitembea na maneno hayo miaka mingi. Walimu wenzangu wageni walijenga kwao, wakarudi, wengine wakaja, na mimi nikijiambia kwamba ipo nyumba moja katika mji huu ambamo kuna kazi inanisubiri mimi na si mtu mwingine. Wajukuu wakakua, bibi akiwasemesha Kiswahili wakawa wanamjibu Kiarabu. Kijiko kikaendelea kugongwa, ingawa mkono ulikuwa unadhoofika na sauti ilinifikia kwa shida.

Alikufa asubuhi moja ya joto, nikiwa navaa kwenda kazini. Nilisikia kilio. Nikachukua kanga zangu mbili, majani ya mkunazi na karafuu maiti niliyoinunua zamani kwa ajili yake, nikavitia katika mfuko, nikausukuma mlango wa nyuma. Binti yake alinikumbatia, tukalia pamoja, na kilio chake kilikuwa cha kweli, simsingizii. Nikamwambia mama yako aliniusia nimwoshe.

Akafuta macho. Akapokea mfuko wangu kwa mikono miwili.

"Mungu akulipe, mwalimu. Istarehi, pumzika. Wewe mgeni wetu, na mwoshaji keshakuja."

Akanishika mkono akanikalisha juu ya godoro la mbele, pahala pa heshima, akaniwekea maji baridi. Ningeweza kugomba. Lakini nani anagombea maiti ya watu, na angegombea kwa haki gani, na kibali chake kimebakiza miezi minne? Nilikaa. Nyuma ya mlango nilisikia maji yakimwagwa. Mwoshaji aliijua kazi yake, dua alizisoma vizuri, sina la kumlaumu. Ila hakuna aliyemwambia bibi kitu. Basi nikamwambia mimi, kwa sauti ndogo, nikitazama ukuta: geuka taratibu, bibi. Mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu alidhani naomba dua, akaitikia amina.

Siku tatu za matanga nilikwenda, na siku zote tatu matunda yalianzia kwangu. Wageni walipouliza mimi ni nani, walijibiwa kwamba ni mwalimu, jirani, mtu mwema sana. Jioni ya mwisho, wanawake walipotawanyika, nikakusanya vikombe vya kahawa nikaelekea jikoni. Sikufika. Binti yake aliipokea sinia mlangoni, macho yamemvimba, tabasamu lilelile.

"Usitusahau, mwalimu," akasema. "Nyumba hii yako. Siku ukitaka kuja, tupigie simu kwanza tu, tupate kujitayarisha."

Nikamwambia nitapiga. Nambari yao ya simu sikuwa nayo. Aliyekuwa akiniita alikuwa akigonga dirisha.