Kandambili Kumi na Saba

Bigirimana ni fundi cherehani wa Biryogo, na kila Jumamosi asubuhi ni kocha wa kuogelea. Kazi ya kwanza inamlisha. Ya pili haimpi hata soda, lakini ndiyo inayomkosesha raha wiki nzima. Alikulia Bujumbura, akajifunza kuogelea kwa kusukumwa ziwani na kaka zake, njia ambayo mpaka leo hamshauri mtu kuifuata. Alipohamia Kigali alikuta mji wa vilima ambao watoto wake wanaogopa hata dimbwi la mvua. Akaanza na watoto watatu wa majirani. Sasa ni kumi na saba, wana jina la klabu na nguo za kuogelea alizozishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, na wanakodi bwawa la nyumba ya wageni kule Kinyinya kwa saa mbili.

Tuseme ukweli, huyu bwana ni mwoga. Haogopi maji hata kidogo. Anaogopa watoto wakiwa ndani ya maji. Akiwa na sindano mkononi siku ya Jumatano, ghafla anamwona kichwani mtoto fulani akizama, na mshono unakwenda kombo. Mke wake aliwahi kumwambia, "Basi uache!" Akajibu, "Nikiacha, nani ataogopa kwa niaba yao?"

Kwa sababu ya woga huo alijiwekea masharti mawili. La kwanza lilikuwa la kifungo. Kabla mtoto hajalowesha kidole, Bigirimana hutupa kifungo kikubwa cheupe cha koti kwenye kina kirefu. Kikionekana kimelala chini, watoto wanaingia. Kisipoonekana, wanarudi nyumbani, hakuna mjadala.

Sharti la pili alilipata mbele ya cherehani yake. Ng'ambo ya kichochoro upo msikiti, na yeye Mkatoliki wa kusali kila Jumapili amekaa miaka akitazama viatu mlangoni pake. Viatu vikiwapo, mwenyewe yumo ndani. Na Kigali mtu hatembei miguu peku. Hata mtoto wa miaka sita akisahau kandambili atarudi kuzifuata kwa aibu. Kwa hiyo klabu nzima huzipanga kandambili ukingoni, jozi kwa jozi, kabla ya kuingia majini. Mtoto akitoka, anavaa. Jozi ikibaki peke yake, mtu yumo majini. Wazazi walicheka waliposikia mara ya kwanza, ila mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Béatha, muuza vitenge wa Gatsata, mama yake Shami. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Hiyo ni nzuri, Kocha. Ufuate hiyo."

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, Bigirimana alilivunja sharti la kwanza.

Jumamosi ya kabla yake ilikuwa ya umuganda, na asubuhi ya umuganda mji mzima unashika jembe na fagio, hakuna aliyeogelea. Jumamosi ya baada yake yalikuwa mashindano, ya kwanza kwa klabu yake kualikwa. Hivyo siku ya mazoezi ilikuwa hiyo moja tu. Alipofika akamkuta Régis, mtunza bwawa, amesimama mikono kiunoni.

"Kocha, pampu iko imekufa tangu Alhamisi," Régis alisema. "Angalia maji. Iko kama chai ya maziwa."

Bigirimana alitupa kifungo. Kilishuka kiasi cha mkono mmoja, kikapotea. Akajiambia kwamba ni wingu, jua bado halijatoka vizuri. Akasubiri jua. Jua likatoka, maji yakabaki vilevile. Nyuma yake watoto kumi na saba walikuwa wameshavua nguo, wanaruka ruka kwa baridi. Mzazi wa zamu siku hiyo alikuwa Thomas, Mkenya anayefanya kazi ofisini mjini, naye alikuwa ametuma ujumbe kwamba kikao kimemshika. Kila kitu kilikuwa kinamwambia rudisha watoto. Alilijua hilo, na bado mdomo wake ukasema, "Mwingie. Upande mfupi tu, hakuna kwenda kule."

Saa nzima alitembea ukingoni kama kuku aliyeangua vifaranga vya bata. Alihesabu vichwa, vikampiga chenga. Kimoja kinazama, kingine kinaibuka. Halafu Iteka, msichana aliyemtegemea kwa mashindano, akawa anapiga miguu vibaya, magoti yamepinda. Akachuchumaa kumrekebisha. "Nyoosha. Nyoosha tena. Hapo!" Alifurahi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisahau kuogopa.

Akapuliza firimbi. Watoto wakatoka wakitetemeka, wakavaa kandambili zao, wakakimbilia taulo. Akageuka kutazama ukingo.

Jozi moja ilikuwa imebaki. Kandambili za buluu, ndogo, zimepangwa sawasawa, vidole vikielekea majini.

"Za nani hizi?" Akahesabu watoto, kumi na sita. Akahesabu tena kwa kuwagusa vichwani, kumi na sita. Iteka akasema kwa sauti ndogo, "Kocha, ni za Shami."

Shami alikuwa na miaka saba. Bigirimana hakumbuki kuvua shati, na kwa kweli hakulivua. Aliruka na nguo zake zote. Chini hakuona hata mikono yake mwenyewe. Alipapasa sakafu ya bwawa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, akaibuka, akavuta pumzi, akarudi. Juu Régis alikuwa anapitisha mti mrefu majini huku akimwita Mungu, Imana, Imana, na watoto wamepigwa na butwaa, mmoja analia. Mara ya tatu Bigirimana alikwenda hadi kina kirefu. Masikio yalimuuma. Akawa anasali bila maneno, anaahidi vitu ambavyo hana. Vidole vyake vikagusa kitu kidogo cha mviringo, akakikamata. Kilikuwa kifungo.

Alipoibuka alisikia sauti ya mwanamke. "Kocha. Toka."

Béatha alikuwa amesimama penye ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo. Mgongoni, ndani ya kitenge, alikuwa amembeba Shami, nywele bado mbichi, macho makubwa. Miguu yake miwili mitupu ilining'inia kiunoni mwa mama.

Bigirimana alitoka majini kwa magoti. Furaha ilimjaa. Kisha ikaja hasira, kali, akafungua mdomo amuulize huyu mama ana roho ya namna gani. Béatha akamtangulia.

"Nilikuja kumuletea kofia yake, alisahau. Nikaona maji. Nikasema, oya, hapana, Kocha hawezi kuingiza batoto kwa maji kama hii. Nikaenda kwa ngazi, nikanyoosha mkono, nikamutoa. Wewe ulikuwa umenipa mgongo." Akaendelea, "Kambambili niliziacha makusudi. Nikasimama hapa nyuma ya ukuta nikiangalia saa. Dakika ishirini na mbili, Kocha. Mwana wangu hakuwa mu maji dakika ishirini na mbili, na wewe haukujua."

Hasira yote ilimtoka. Alitafuta neno la kujitetea, akaona kila alilolishika lina tundu. Akazichukua zile kandambili za buluu, akamvalisha Shami mgongoni kwa mama yake, mguu mmoja kisha mwingine. Akasema, "Unisamehe, Mama Shami." Béatha aliondoka na mtoto wake.

Mchana huohuo, kabla nguo hazijamkauka, aliwaandikia wazazi wote. Aliandika habari ya pampu, ya kifungo, na zile dakika ishirini na mbili, bila kumtaja Thomas wala mtu mwingine. Wazazi sita waliwatoa watoto wao. Mashindano hawakwenda. Iteka alilia, naye akamwacha alie, kwa kuwa alikuwa na haki.

Wiki mbili alisubiri ujumbe wa saba, wa Béatha. Haukuja. Kila simu ilipolia alijichoma sindano. Aliona bora mama huyo amgombeze waziwazi kuliko kimya kile.

Jumamosi pampu ilipotengenezwa, alifika mapema. Béatha alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda alichobeba kutoka Gatsata, kando kabisa ya mahali pa kandambili. Shami alikuwa amesimama pembeni yake na kofia kichwani. Bigirimana alitupa kifungo, kikalala chini cheupe, kinaonekana. Hata hivyo hakupuliza firimbi. Alimtazama mama.

Béatha aliinama, akachungulia bwawa bila haraka. "Nakiona," alisema. "Wewe hesabu batoto. Mimi nitakuhesabu wewe."

Mpaka leo kigoda hicho hakijakosa Jumamosi hata moja. Watoto wamefika kumi na wanne. Na kule Biryogo, Ijumaa baada ya sala, watu wakishatoka msikitini, Bigirimana hutupia jicho mlangoni. Juzi jozi moja ilibaki, viatu vikuukuu vya ngozi. Akasubiri. Mteja akawa anamweleza habari ya kola, yeye hasikii. Mwishowe akaacha cherehani, akavuka kichochoro, akasimama pale na futi yake ya kupimia shingoni mpaka mzee mmoja alipotoka, akavaa viatu vyake, akamuuliza kama kuna jambo.

"Hakuna, mzee," alisema. "Nilikuwa nakungoja utoke."