Mlango Usiofunga

Daktari alipotuambia kwamba mlango mmoja wa moyo wangu haufungi sawasawa, mke wangu hakulia. Alinigeukia palepale, akasema, "Ndo maana! Mie nilijua tu huo mlango hauna komeo."

Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alicheka mpaka akaweka kalamu mezani. Kisha akafafanua: moyo una milango yake, ndizo hizo valvu, na damu ikishapita, mlango hujifunga. Wangu umelegea, kila pigo damu kiasi inarudi ilikotoka. Ipo siku nitapasuliwa, urekebishwe au niwekewe mwingine.

"Siku gani?" nikauliza.

"Bado, mzee. Tutakuwa tunakuangalia. Wewe kazi yako moja tu: kila ukija, uniambie ukweli, nisije nikachelewa."

Hapo ndipo alipokosea mtu. Mie nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na moja, kwa masomo ya jioni, na hapa Mbagala hajazaliwa aliyenisikia nikisimulia kitu bila kukitia chumvi. Kwenye mtihani wa baiolojia nilichora moyo mzuri hadi msimamizi akavua miwani na kunipigia saluti. Lakini ajabu yangu ni hii: kila kitu naongeza, ugonjwa peke yake ndo napunguza.

Chukua suala la mito. Kliniki ya kwanza daktari aliniuliza, "Unalala na mito mingapi?" Nikadhani anapima hali ya nyumbani kwangu, nikajibu kwa fahari, "Mitano, daktari, na foronya zake za kudarizi." Akaduwaa. Kumbe mito ni kipimo! Moyo ukichoka, mtu akilala chali anakosa pumzi. Anaongeza mto wa pili, wa tatu, mwisho analala amekaa. Nikaapa kwamba minne ni pambo, kichwa kinatumia mmoja tu. Tangu hapo kila nikiulizwa, najibu "mmoja" kabla swali halijaisha.

Na kweli ulikuwa mmoja. Mwaka ule wa kwanza.

Sasa, jirani yangu ni Mnyamwezi na mie Mzaramo, yaani mtani wangu, na mtani ana ruhusa ya kunisema hata nikiwa ndani ya jeneza. Ni fundi wa kuchomelea mageti na milango ya chuma, karakana yake iko Chamazi. Habari zangu zilimfikia kabla sijafika nyumbani.

"Mzaramo! Mlango umeharibika unaupeleka hospitali, na fundi milango nipo hapa?"

Kila asubuhi akipita anapiga hodi: "Upo, au niingie nichukue viatu?" Ni viatu vyangu vya mahafali, vyeusi vya kung'aa. Ameshatangaza mtaa mzima kwamba nikifa ni vyake. "Nimevivaa," namjibu, "njoo uvichukue na miguu yake."

Wiki moja kabla ya kliniki nyingine, mke wangu alimwita atutazamie mlango wa uani, maana ulikuwa unakwaruza sakafu. Mtani akasimama tu, anamwangalia mke wangu akiufunga.

"Shemeji, umeanza lini kuunyanyua?"

"Kunyanyua nini?"

"Huo mlango. Umeuinua kwa goti ndo ukafunga."

Mke wangu akatazama goti lake kama la mtu mwingine. Mtani akacheka. "Ndo milango ilivyo. Bawaba ikilegea, mwenye nyumba anajifunza kuinua kidogo. Ikilegea tena, anainua zaidi. Ukimuuliza, anakwambia mlango mzima huu. Mpaka siku umwangukie."

Mie nilikuwa kwenye mkeka, nakunywa chai, nikaanza kusifia vitumbua. Mke wangu hakunisikiliza. Aliingia ndani, akarudi amekumbatia mito: mmoja, wa pili, wa tatu, na juu yake mto wa kochi ambao kwa mwezi mzima niliapa sijui unahamaje. Akaibwaga mbele yangu.

"Shemeji, muone na huyu. Naye ananyanyua."

Mtani akaitazama ile mito. Nilisubiri utani, haukuja. Akakaa pembeni yangu.

"Mzaramo, vile viatu namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Mie navaa arobaini na moja. Vitanipwaya. Baki navyo."

Siku ya kliniki nilivivaa. Mke wangu akaingia na mie hadi chumba cha daktari, ingawa mwenyewe nilidai najiweza.

"Mito mingapi, mzee?"

"Mitatu. Na wa kochi."

Daktari hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema nikapigwe tena picha ya moyo wiki hiyohiyo, na kwamba sasa tuanze kuzungumzia tarehe ya upasuaji. Nikaviangalia viatu vyangu vya kung'aa.

"Na ngazi za hapa umepandaje?"

Hapo nikaona, kama ni ukweli, basi niumwage wote. "Nusu saa, daktari! Watu walinipita, wakarudi, wakanipita tena."

"Dakika tano," akasema mke wangu, huku amenishika mkono. "Lakini alisimama mara mbili. Andika hiyo, mara mbili."