Mchimba vyoo aliyeng'oa vigingi vilivyoombewa

Saa mbili asubuhi, mtu hamwoni anayefanya kazi. Anasikia tu mtaimbo ukigonga mwamba huko chini, na anaona kamba ikikazwa na ndoo ya udongo ikipanda. Inamwagwa, inarudishwa.

"Shusha taratibu, mama," sauti inasema kutoka shimoni. "Kichwa ninacho kimoja, na hakina bima."

Anayeambiwa ni binti yake, mwenye mtoto mgongoni. Kambi nzima inamwita baba huyo Mzee Futi, kwa kuwa kila kitu hukipima kwa futi, hata wajukuu. Ana miaka sitini na mmoja, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimalizia ardhini akichimba vyoo vya watu. Siku ya kazi humpatia unga kilo mbili na kipande cha sabuni.

"Sabuni ndiyo inatangulia kuisha," anasema. "Kwenye kwaya naimba besi, lakini wenzangu wangependa niiimbie nje."

Miezi miwili iliyopita, baada ya mvua ya siku tano, mlima ulio nyuma ya mtaa wao uliporomoka. Familia arobaini na tatu zilibaki bila nyumba, yake na ya binti yake zikiwemo. Ofisi inayohusika na maafa ikawapa mteremko huu wenye kisima kimoja na bila choo hata kimoja. Ndivyo ofisi hupanga: watu kwanza, hotuba baadaye, choo kikikumbukwa kikumbukwe.

Waliokikumbuka ni wageni. Wakristo ishirini na sita walifika kwa safari ya huduma ya siku kumi na mbili, wakajenga nyumba za mbao kwa mikono isiyojua nyundo. Malengelenge yakapasuka, wakafunga vitambaa, wakaendelea. Hilo lisemwe wazi, maana waliokuja na magari ya serikali hawakushika hata msumari.

Jumapili ya kwanza wageni wakapigilia vigingi vinane vya vyoo, jirani kabisa na mahema, ili bibi na watoto wasitembee mbali. Ulikuwa upendo mtupu. Watu wakashikana mikono kuvizunguka, mchungaji wa msafara akaviombea. Mzee Futi naye alikuwemo. Alipofumbua macho baada ya amina, akaona kisima kiko chini ya vigingi, hatua sitini tu.

Hapa lazima mtu akumbuke, kwa sababu wapo wanaolipwa kusahau. Miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya mafuriko, ofisi hiyohiyo iliwaweka watu kwenye uwanja wa kiwanda, vyoo juu, maji ya kunywa chini. Kipindupindu kikaua watu kumi na wanne kwa siku tisa. Ofisa akatangaza kwamba marehemu hawakuwa na desturi ya kunawa mikono. Mmoja wa marehemu hao alikuwa mke wa Mzee Futi, mwanamke aliyeosha hata kuni kabla ya kuzitia motoni.

"Vyoo vile nilichimba mimi," anasema, na kwa mara ya kwanza hana mzaha. "Waliniambia chimba hapa. Nikachimba hapo."

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi alianza kung'oa. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa akamkuta kwenye kigingi cha pili.

"Mzee Futi, hivyo vimeombewa. Unang'oa maombi ya watu?"

"Maombi nayaacha palepale, mama. Nang'oa vijiti."

Haikumsaidia. Watu walimzunguka, wakavirudisha vigingi, na jioni kamati ya kambi ikamwambia achimbe palipoombewa au ampishe mwingine. Pale juu udongo ni laini, wageni wangemaliza vyoo vyote kabla ya kuondoka. Nani alitaka kusikia habari za mzee mmoja na kisima?

Akachimba. Alichimba shimo moja tu, peke yake, na kwenye futi ya nne maji yakaanza kutoka ukutani. Akayakinga kwenye kikombe. Akateremka hadi kisimani, akajaza kikombe cha pili, kisha akampelekea mchungaji vyote viwili mbele ya watu.

"Haya ya kisima, haya ya choo. Mkondo ni mmoja. Vyoo vikianza kutumika, utamnywesha mjukuu wangu kipi?"

Mchungaji alitazama vikombe, akatazama mteremko. Kupitia kwa mkalimani akauliza kwa nini hakuambiwa tangu Jumapili.

"Uliniambia nishike mkono wa jirani nifumbe macho," Mzee Futi akajibu. "Nikashika, nikafumba."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alitoka mwenyewe, akaving'oa vigingi vyote vinane, akavibeba kwapani hadi upande wa chini, ng'ambo ya kisima. Hakuomba upya. Aliuliza tu wapi aanze kuchimba.

Huko chini, mwamba unaanzia futi ya nne. Siku zilizobaki ziliwatosha kumaliza mashimo mawili. Wageni waliondoka wakilia, wakaacha mitaimbo mitatu, kamba na mifuniko minane ya zege. Kila Ijumaa mchungaji hupiga simu, na swali lake ni moja: mmefika futi ngapi?

Leo ni shimo la sita, na mvua kubwa inatarajiwa baada ya wiki tatu. Mwenyekiti wa akina mama anafika na ndoo yake, kama afanyavyo tangu siku ya vikombe, na kumpokea binti kamba.

"Bado hujafika kuzimu tu?" anauliza akichungulia.

"Nimefika, mama. Wamesema wanakusubiri."

Wiki iliyopita alikuja pia ofisa, amevaa buti safi. Alikuta futi kumi na tano, akasema ni kupoteza nguvu. Kambi ni ya miezi sita, futi sita zinatosha. Mzee Futi alimuuliza miezi hiyo imeanza kuhesabiwa lini. Ofisa akapokea simu ambayo hakuna aliyeisikia ikilia. Uwanja wa kiwanda nao ulikuwa wa miezi sita. Wapo waliooa na kuzaa palepale, na bado wapo.

Choo cha futi kumi na tano hutumika miaka mingi. Mzee Futi anachimba kwa kadiri asivyoiamini ofisi.

Saa nne anapanda kunywa maji, anakaa ukingoni. Anaulizwa anatumaini nini akimaliza la nane.

"Niwe nimechimba bure," anasema. "Nipite hapa baada ya mwaka nikute mashimo hayajajaa hata robo, watu wamepewa ardhi, wamehama. Nitakaa hapahapa nicheke kama mwehu. Nguvu zangu zote zimepotea."

Anafuta mdomo, anaomba ndoo, anashuka tena.